Nilisambaza kilio cha shoga yangu, lawama akaibeba mwingine

BARUA

Asalaam aleikum Bibi,

Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, kazi yangu ni kushona, na nakaa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nina jambo limenikaa kooni mwaka wa tano huu na sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Tulikuwa mashoga wanne, tumejuana tangu chuo cha Kurani, tukichapwa na mwalimu mmoja. Ukubwani tukatawanyika. Mmoja alikwenda Uingereza, nitamwita Wa Ulaya. Mwingine aliolewa Kisauni na mwingine Likoni, nao nitawaita hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyebaki mtaani, mlango wa pili kutoka kwa mamake Wa Ulaya.

Corona ilipoingia unakumbuka Bibi ilivyokuwa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja ya jioni kila mtu awe ndani. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii, na watalii wakakatika kama maji ya mfereji. Halafu tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, Ramadhani iko katikati, hakuna kutoka wala kuingia, na Idi ikatukuta humo humo. Watoto wanaruka kitandani, mume anahesabu vijiko vya sukari, na cherehani yangu imenyamaza, kwani nani atashona nguo ya Idi asiyokwenda nayo popote?

Wakati huo ndipo Wa Likoni alipofungua grupu la WhatsApp la sisi wanne, akaliita Barazani. Watoto wakishalala tunakutana humo, na kwa kuwa kuandika kunachosha, tukazoea kutumiana sauti. Hatukuwa na la maana tulilosema. Wa Likoni alikuwa na visa vya feri, namna watu walivyosukumana jioni kuiwahi kafyu. Wa Kisauni alikuwa akiuza viazi karai mlangoni kwake, na wateja wake huanza kuja magharibi, saa ile ile ya kufungiwa. Basi kila usiku alitupigia hesabu ya viazi vilivyobaki na nani kavila, mpaka ikafika watoto wake wakikiona kiazi wanalia. Wa Ulaya naye alitusimulia majirani zake waliogombania karatasi za chooni dukani, tukacheka mpaka machozi. Kipupwe chote cha mwaka ule, upepo wa kusi ukigonga madirisha, mimi nimejifunika leso nacheka gizani peke yangu. Yale maongezi ndiyo yaliyonivusha, wallahi.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu.

Januari 2021 shule zilifunguliwa, tarehe 4. Watoto watatu, karo ya watatu, na sare za watatu, maana miezi tisa nyumbani walikuwa wamerefuka kama mibambakofi. Mume bado hana kazi. Kaskazi imekaza, joto la kuchemsha ubongo. Na usiku wa siku ile ile shule zetu zilipofunguliwa, kule kwa Wa Ulaya waliambiwa wajifungie tena.

Mwisho wa mwezi ule, usiku mmoja, Wa Ulaya alituma sauti Barazani. Dakika saba. Alisema anatoka nyumbani giza, anarudi jioni giza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki ile walikufa wazee wawili aliokuwa akiwaogesha, mmoja amemshika kidole. Alikuwa kwenye kituo cha basi, unasikia upepo unavyopiga kwenye simu. Alisema vidole vimekufa ganzi hawezi kuandika. Kisha akasema: “Na Mama kila akipiga ni pesa. Hajaniuliza hata siku moja nimekula nini.” Hapo akalia, akalia, mpaka basi likaja na sauti ikakatika.

Siku ile, Bibi, nilikuwa nimetoka kwa sonara kuuza bangili yangu ya arusi. Pesa zile zilikuwa bado ziko kwenye droo ya cherehani, zimeshagawanywa mafungu matatu ya karo. Nikaisikiliza sauti ile nikiwa nimezitazama. Sijui shetani gani aliniingia. Nikaichukua nikamtupia wifi yangu, na chini yake nikaandika: “Msikize huyu. Kachanjwa, ana mshahara, analia baridi.” Wifi akatuma alama za kucheka. Na mimi nikacheka.

Siku ya tatu sauti ilikuwa kwa mamake.

Wifi aliniapia kwamba alimpa mtu mmoja tu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mmoja mmoja. Bi Mkubwa aliposikia lile la “kila akipiga ni pesa” alijifungia chumbani siku nzima. Akamtumia mwanawe ujumbe kwamba asijisumbue tena kutuma chochote, na kwa miezi minne kila pesa ya M-Pesa iliyoingia alimrudishia.

Wa Ulaya akaja Barazani kuuliza ni nani. Hakungoja jibu. Wiki mbili kabla, Wa Kisauni alikuwa amemkopa elfu ishirini akanyimwa, yakapita maneno mbele yetu sote. Akamwambia, “Ni wewe, umenilipizia.” Wa Kisauni akaapa kwa watoto wake. Wa Ulaya akamtolea maneno siwezi kuyaandika. Mimi nilikuwa nasoma yote yanavyoingia. Unajua niliandika nini? Niliandika, “Tuyaacheni jamani.” Baadaye kidogo ukaja ule mstari mdogo wa kijivu, kwamba Wa Kisauni ametoka kwenye grupu. Hajarudi hadi leo. Wa Likoni naye alinyamaza taratibu, Barazani pakafa.

Mimi na Wa Ulaya bado tunaongea. Husema mimi ndiye aliyembakia.

Miaka imepita. Mume amepata kazi, mambo si haba. Sasa Wa Ulaya anakuja Disemba hii, mara ya kwanza tangu 2019, kwa arusi ya mdogo wake. Mwezi uliopita Bi Mkubwa aliingia kwangu na jora la kitambaa begani, anataka nishone sare za wanawake wa nyumbani na mashoga wa karibu. Gauni kumi na moja. Akanipa elfu kumi na tano ya kuanzia, na orodha ya majina aliyoiandika nyuma ya bahasha ya dawa. Mimi nimo. Wa Likoni yumo. Wa Kisauni hayumo. Nikajifanya namkumbusha. Akasema, “Yule mwenye mdomo simtaki ndani mwangu.”

Juzi nikakutana na Wa Kisauni soko la Kongowea, amebeba gunia la viazi na bintiye. Akanisalimu vizuri sana. Akaniuliza kama ni kweli rafiki yetu yuaja. Tukazungumza kidogo, nikamwaga nikapanda tuktuk.

Bibi, nikisema nitavunja arusi ya watu na kumpoteza shoga pekee niliyebaki naye. Nikinyamaza, nitakaa nishone gauni kumi na moja huku nikijua ya kumi na mbili ni ya nani. Bahasha ile nimeichomeka chini ya cherehani na kila nikikanyaga pedali naiona. Nifanye nini?

Mshonaji, Mji wa Kale

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama kila mtu, nikakukasirikia kidogo, usinichukie. Mara ya pili nilikwama kwenye droo ya cherehani na yale mafungu matatu. Mara ya tatu ndipo nilipoona kitu ambacho nadhani wewe mwenyewe hukukiona ulipokuwa ukiandika, nacho nitakifikia.

Kama nimekuelewa, umebeba mizigo miwili ukaifunga kwenye kitambaa kimoja. Mmoja ni sauti ya rafiki yako uliyoitoa barazani kwenu ikazunguka mji. Wa pili ni lawama iliyomwangukia mwenzako na wewe ukaiacha ilale pale ilipoanguka. Ule wa kwanza umeueleza vizuri mno, mpaka upepo wa kituo cha basi nimeusikia. Wa pili umeupa mistari michache. Najiuliza kwa nini.

Tuanze na sauti. Unasema hujui ni shetani gani aliyekuingia. Tumwache shetani kidogo. Mtu aliyetoka kwa sonara na mkono mtupu, akakaa mbele ya karo ya watoto watatu, kisha akasikia mwenye mshahara analia, huyo ana uchungu, na uchungu wake una sababu. Ulikuwa na haki ya kukereka. Ungeweza hata kumwambia, “Shoga, leo usiniambie baridi, mimi leo nimeuza bangili.” Hukumwambia. Na nimeangalia barua yako nzima, sijaona mahali uliposema kwamba Barazani walijua habari ya ile bangili. Usiku ule ule mlikuwa wawili mnaolia, na mmoja tu ndiye aliyesikika.

Siku zile sote tulikuwa na mizani mikononi. Nani kafiwa, nani kakosa kazi, nani ana bustani ya kupungia upepo, nani kafungiwa chumba kimoja na watu saba. Mimi mwenyewe nilikuwa na jirani nikimwambia mgongo unauma, ananijibu yeye ni miguu yote miwili. Tulishindana kwa dhiki kama watu wanaoshindana kwa ngoma. Wewe uliiweka baridi yake upande mmoja na bangili yako upande wa pili, na yake ukaiona nyepesi. Lakini pale kituoni hakuwa analia baridi, mwanangu, wewe umeyaandika mwenyewe. Wiki ile ya mwisho wa Januari, tarehe 26, ndiyo hesabu ya waliokufa Uingereza ilipovuka laki moja, na wengi wao walikuwa wazee wa kama wale aliokuwa akiwaogesha. Chanjo alipata kabla yetu, kweli. Huku kwetu shehena ya kwanza ilifika Machi 2021. Chanjo haimshiki mtu kidole anapokufa.

Sikuambii haya kukuongezea. Nakuambia kwa sababu, kama siku moja utakaa naye uso kwa uso, nadhani hatakuuliza kwanza kwa nini uliituma. Atakuuliza kwa nini ulicheka. Ukiwa na jibu la “nilikuwa natania” litakwama njiani. Habari ya bangili ni ya kweli, ila nayo ina hatari yake. Ukiitanguliza itasikika kama unajitetea, na atalazimika kukuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukukasirikia.

Sasa lile nililokuwa nikilikawiza.

Unaandika kama kwamba siri hii unayo wewe peke yako. Hebu tupige hesabu kama Wa Kisauni na viazi vyake. Barazani mlikuwa wanne. Mwenye sauti mtoe, wanabaki watatu. Wa Kisauni anajua kwamba yeye si yeye. Basi kwake yeye wamebaki wawili: wewe na Wa Likoni. Wa Likoni naye anajua kwamba yeye si yeye, na alimsikia mwenziwe akiapa kwa watoto wake. Sasa wawili hawa wakikutana siku moja, kwenye msiba au kwenye foleni ya feri, wakaulizana mara moja tu, hesabu imekwisha. Juu yao kuna wifi yako, na yule mtu mmoja wa wifi yako, na mtu mmoja wa huyo. Sisemi wanajua. Ninachosema ni kwamba inawezekana asiyejua ni Wa Ulaya na mamake tu.

Kama ni hivyo, basi swali ulilonitumia limebadilika sura. Ulidhani unachagua kati ya siri kubaki na siri kutoka. Huenda unachagua itoke kinywani mwako au kinywani mwa mtu mwingine, katika nyumba ya arusi, wanawake sitini wamekaa mkekani na wifi yako mmojawapo.

Unaogopa kuvunja arusi. Woga huo nauheshimu, ila naomba tuutazame vizuri. Arusi ni ya mdogo wake, ina bwana na bibi arusi, ina posa iliyokwishajibiwa. Haivunjiki kwa sababu ya mshonaji. Kinachoweza kuvunjika ni raha ya mtu mmoja ambaye hajaiona nyumba yao tangu 2019. Hilo si dogo. Na kuna jambo la pili umelitaja ukalipita haraka, zile elfu kumi na tano. Usione haya kulisema. Mtu mwenye watoto watatu anafikiria kazi yake, na gauni kumi na moja ni kazi. Lijue tu kwamba limo kwenye mizani, lisije likajivika nguo za huruma kwa bibi arusi.

Njia ulizo nazo ni kadhaa na sioni hata moja iliyo laini.

Unaweza kumpigia Wa Ulaya sasa, kabla hajapanda ndege. Faida yake ni kwamba atakuwa na muda, atakukasirikia kwake, kisha aamue mwenyewe anakuja na moyo gani na anataka nani kwenye sare. Ubaya wake ni kwamba atakuwa peke yake tena, na simu ndiyo iliyomdhuru mara ya kwanza. Kama utakwenda njia hiyo, fikiria sana kabla ya kumtumia sauti. Piga, mzungumze, asikie unavyopumua. Muulize kwanza kama ametoka kazini na kama kuna mtu wa kukaa naye.

Unaweza kungoja aje, arusi ipite, vyombo vioshwe, ndipo umwombe mkae. Wengi wangekuambia hivyo, na hekima imo. Ila watakaokaa nje siku hizo zote ni Wa Kisauni na bintiye. Wewe utakuwa umevaa sare umesimama katikati ya picha, na picha zile zitatundikwa ukutani kwa Bi Mkubwa, mlango wa pili kutoka kwako. Halafu Wa Ulaya akijua baadaye, atazirudia siku zote zile mlizocheka pamoja, moja moja.

Kuna njia nyingine ambayo naona umeshaanza kuinyemelea, pale ulipojifanya unamkumbusha Bi Mkubwa. Kumwingiza Wa Kisauni kimyakimya: umwombee msamaha, useme yameshapita, ni mambo ya zamani. Inavutia kwa sababu kila mtu anapata gauni na hakuna anayepata aibu. Lakini mwangalie Wa Kisauni ndani ya gauni hilo. Atakuwa amesamehewa kosa asilolifanya, na aliyemwombea ni wewe. Kama kweli anajua, au anashuku, sijui atakutazama vipi ukiwa umepiga magoti unampima urefu.

Na kuna kwenda Kisauni kwanza. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ambalo barua yako inalikimbia, mpaka ukapanda tuktuk. Dini yetu umeijua chuoni pamoja na hao wenzako, sina haja ya kukusomea. Haki ya mja unajua inaombwa kwa nani. Lakini hata ukiliweka hilo kando, yeye ndiye mwenye hasara kubwa zaidi katika hadithi hii, na ndiye aliyezungumzwa kidogo zaidi. Wa Ulaya alipoteza amani na mamake kwa miezi minne. Wa Kisauni alipoteza mashoga watatu kwa usiku mmoja, katika mwaka ambao alikuwa hana hata elfu ishirini. Hatari ya kwenda kwake ni kubwa, na lazima uijue kabla hujavaa buibui. Akikusikia, khabari haitakuwa yako tena. Anaweza kukuambia “nimekusamehe, yaache yalale,” na hapo utarudi nyumbani na mzigo mzito kuliko uliokwenda nao. Anaweza kushika simu mbele yako akampigia Wa Ulaya. Atakuwa na haki, na wewe huwezi kumwambia angoje arusi ipite, kwani yeye amengoja muda gani? Au anaweza kukufungia mlango. Ukienda, usiende na kitu mkononi. Najua sisi watu wa hapa hatuendi kwa mtu mikono mitupu, lakini siku hiyo kilo ya halua itamlazimisha akukaribishe.

Huenda ukataka mtu mzima wa kusimama kati. Mtaani kwenu hawakosekani. Mimi ningesita kidogo, maana kila anayeingizwa ni kinywa kingine, na ugonjwa wa jambo hili tangu mwanzo ni vinywa. Lakini wewe unawajua wazee wako kuliko mimi.

Limebaki neno moja juu ya Bi Mkubwa, na hapa naomba unisome pole pole. Umejibebesha pia ule ugomvi wa mama na mwana. Sehemu yake ni yako, kwa sababu mama hapaswi kusikia neno kama lile kutoka simu ya jirani. Lakini “hajaniuliza nimekula nini” hukulitunga wewe. Lilikuwapo kabla ya bangili, kabla ya wifi. Mama naye alikuwa na ya kwake, huenda aliogopa kuuliza asije akajibiwa ukweli. Nadhani wamepatana, maana unasema pesa zilirudishwa miezi minne. Je, wamewahi kulizungumza lenyewe? Kama hawajawahi, ukweli wako utalifungua tena, na hapo si wewe wa kulifunga. Jitayarishe kukaa kando na kunyamaza, jambo ambalo safari hii litakuwa na maana tofauti na kule kunyamaza kwa kwanza.

Unaniuliza ufanye nini, nami sitakuambia, kwa sababu mimi nitakunja gazeti nikapike na wewe utabaki na majirani zako. Ninachoona ni mtu ambaye ameichomeka bahasha mahali ambapo hawezi kuacha kuiona. Ungetaka kuisahau ungeshaijua orodha kwa moyo ukaitupa jaani. Majina kumi na moja si mengi kwa mshonaji.

Usiharakishe kwa sababu tu koo linauma. Kuna kusema kunakompunguzia msemaji uzito na kumwongezea msikiaji, na wewe umeshaona upande mmoja wa jambo hilo. Lakini pia Disemba ina tarehe zake, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora.

Niandikie tena, hata kwa mistari mitatu. Na ukiniandikia, nieleze kitu kimoja ambacho barua yako imekiruka. Pale Kongowea, Wa Kisauni alipokuuliza kama ni kweli Wa Ulaya yuaja, wewe ulimjibu. Kisha “mkazungumza kidogo.” Katika hicho kidogo, yeye alisema nini?